Safari ya Hospitali Haiishii Mlangoni mwa Wodi

(Mada iliyotolewa mbele ya waumini baada ya Sala ya Ijumaa, Dar es Salaam)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, ambaye maradhi na shifaa vyote vi mkononi mwake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wake hadi Siku ya Malipo. Amma baad.



Leo tumekusudia kuzungumza juu ya jambo linalozifika nyumba zetu zote, tajiri na maskini, nalo ni kulazwa hospitali na kurudi nyumbani. Na tutaanza kwa kukiri kosa letu wenyewe, kwani hakuna islahi isiyoanza na kukiri.

Tulikuwa na mzee wetu mmoja ambaye kwa miaka mingi alituadhinia katika msikiti huu. Aliteleza uani, akavunjika nyonga, akalazwa na kufanyiwa upasuaji. Siku zote alizokuwa wodini tulimiminika. Kila jioni kitanda chake kilizungukwa na kanzu na kofia, hata wauguzi wakawa wanatuomba tupishane. Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari akamruhusu, sisi tukasema Alhamdulillah, tukamsindikiza hadi kwenye gari, tukarudi katika shughuli zetu. Kwa hesabu yetu, kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee alirudi kwenye chumba kimoja, na mke aliyekaribia umri wake, na choo cha shimo kilichoko nje chenye ngazi tatu. Hakuweza kuzipanda. Mkewe hakuwa na nguvu za kumwinua. Basi mzee wetu akapunguza kunywa maji ili asimsumbue mkewe usiku. Akawa analala chali mchana na usiku, akapata vidonda vya kulalia, na katika wiki ya nne akarudishwa hospitali akiwa na homa kali. Hakutoka tena akiwa hai. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku ya msiba tulichanga. Fedha iliyopatikana jioni ile moja, ya turubai, wali na viti vya kukodi, ingetosha kumtengenezea kiti cha chooni, kumnunulia godoro zuri, na kumlipa kijana mwenye nguvu wa kumhudumia kwa miezi kadhaa. Ajali yake ilikuwa imekwisha andikwa, na hatuna shaka na kadari ya Mola wetu. Lakini kadari ni ya Mwenyezi Mungu, na uzembe ni wetu. Kwa uzembe huo tutaulizwa.

KUJIANDAA SI KUKOSA TAWAKKUL

Wako miongoni mwetu wanaodhani kwamba mgonjwa akipanga mambo yake kabla ya kulazwa, huko ni kujitabiria mauti. Fikra hii haina msingi katika dini. Mtume (S.A.W.) alimfundisha Bedui amfunge kwanza ngamia wake ndipo amtegemee Mwenyezi Mungu, kama ilivyopokewa na Tirmidhi. Alipoulizwa kuhusu tiba, aliamrisha watu wajitibu, akieleza kuwa hakuna ugonjwa ulioteremshwa bila ya dawa yake, isipokuwa uzee. Tawakkul humfuata mtu aliyekwisha tenda lililo juu yake.

Tazameni kisa cha Saad bin Abi Waqqas (R.A.). Aliugua sana mjini Makka katika Hijja ya Kuaga, mwaka wa 10 Hijria, akadhani anakufa. Mtume (S.A.W.) alipokuja kumtazama, Saad alimwuliza juu ya kuusia mali yake. Hakuambiwa anyamaze asijiletee nuksi. Alifundishwa kwamba mwisho wa wasia ni thuluthi moja, na kwamba kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Je, Saad alikufa? Alipona, akaliongoza jeshi la Waislamu katika vita vya Qadisiyya, na akaishi zaidi ya miaka 40 baada ya maradhi yale. Wasia haukumwua. Basi nasi tusiuogope.

MAANDALIZI KABLA YA KULAZWA

Mgonjwa akishapewa tarehe ya kulazwa, iwe ni hospitali ya wilaya, ya mkoa, au amepewa rufaa kuja Muhimbili, mambo yafuatayo yatimizwe na mapema.

Kwanza, karatasi. Barua ya rufaa, kadi ya bima, kitambulisho, picha za eksirei na majibu ya vipimo vya zamani viwekwe katika mfuko mmoja. Wagonjwa wengi hurudia vipimo walivyokwisha lipia kwa sababu tu majibu yamebaki kabatini Tabora au Lindi. Na hapa tunawakumbusha walio wazima: bima hukatwa siku ya afya. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023. Kila baba wa familia na aulizie nafasi yake na ya watoto wake kabla homa haijabisha hodi.

Pili, dawa. Aandike dawa zote anazotumia, za hospitali na za mitishamba, na aitaje dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Wapo wanaoona haya kumwambia daktari kuwa wamekunywa mizizi. Haya hiyo ni hatari, kwani baadhi ya dawa huzidisha kutoka kwa damu au hugongana na dawa ya usingizi, ile watu waiitayo nusu kaputi. Na akiambiwa asile wala asinywe kuanzia saa fulani, atii. Chakula kikiwa tumboni wakati mtu amelala kwa dawa chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Mama anayempenyezea mwanawe uji kwa huruma asubuhi ya upasuaji anamtia mwanawe hatarini.

Tatu, damu. Hospitali mara nyingi huwaomba ndugu wa mgonjwa wachangie damu. Mtu mwenye afya, wa umri kati ya miaka 18 na 65, mwenye uzito usiopungua kilo 50, aweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Damu haihifadhiki mwaka mzima, bali kwa wiki chache tu. Kwa hiyo msikiti wenye vijana 40 waliojiandikisha na wanaochangia kwa zamu una akiba iliyo bora kuliko msikiti wenye watu 400 wanaotafutana usiku wa manane.

Nne, madeni na amana. Katika Sura Al-Baqara, aya ya 282, Mwenyezi Mungu ameamrisha deni liandikwe. Mgonjwa aandike anachodai, anachodaiwa na amana za watu zilizoko kwake, mbele ya mashahidi. Aandike na wasia wake. Mtume (S.A.W.) hakuridhia Muislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim.

Tano, msemaji. Familia imteue mtu mmoja wa kuzungumza na daktari, awe na daftari, aandike kila anachoambiwa. Mgonjwa mwenye wasemaji saba hana msemaji. Huyu husema upasuaji, yule husema apelekwe kwa mganga kwanza, wa tatu ameleta hirizi, na siku zinapita huku ugonjwa ukikomaa. Tumekwisha wazika watu waliofika hospitali wakiwa wamechelewa kwa sababu hii.

IBADA NA ADABU WODINI

Sala haimwondokei mgonjwa maadamu akili yake ipo, lakini Mwenyezi Mungu hakumtwisha asichokiweza. Imran bin Husayn (R.A.), aliyekuwa akiugua bawasiri, alifundishwa na Mtume (S.A.W.) asali kwa kusimama, asipoweza, kwa kukaa, asipoweza, kwa ubavu. Anayedhuriwa na maji ana ruhusa ya kutayamamu kwa mujibu wa Sura Al-Maida, aya ya 6. Mwenye bandeji au plasta isiyoondolewa, mashekhe wameeleza namna ya kupangusa juu yake. Wapo pia wanachuoni walioruhusu mgonjwa kujumuisha sala mbili. Saumu nayo ina ruhusa katika Al-Baqara, aya za 184 na 185. Basi imamu au mwalimu wetu na amwendee mgonjwa kabla hajalazwa, amfundishe haya. Wengi wetu huacha sala wodini kwa kutojua, kisha wakatoka na deni la wiki tatu na huzuni moyoni.

Na sisi watembeleaji tuwe na adabu. Ziara iwe fupi. Tunawe mikono. Tusikae juu ya kitanda chake. Tusimpe chakula bila ya kumwuliza muuguzi. Tusimsimulie habari za jirani aliyekuwa na ugonjwa kama wake akafa. Tumwombee dua, tumpe matumaini, tuondoke.

KURUHUSIWA NDIO MWANZO

Ndugu zetu, sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Neno "ameruhusiwa" masikioni mwetu lina maana ya "amepona". Sivyo. Maana yake ni kwamba sehemu ya tiba iliyohitaji hospitali imemalizika, na sehemu iliyobaki imekabidhiwa nyumba. Hospitali ilikuwa na wauguzi wa zamu tatu; nyumba ina mke mmoja. Hospitali ilikuwa na kitanda cha kuinuliwa na choo karibu. Nyumba ina mkeka na ngazi. Kwa hiyo swali la kuulizwa siku ya kwanza ya kulazwa, si siku ya mwisho, ni hili: atarudi wapi, na nani atakuwa naye?

Kabla mgonjwa hajatoka, msemaji wake akae na daktari na muuguzi, daftari mkononi, aulize: Dawa zipi, saa ngapi, kwa siku ngapi? Kidonda kisafishwe na nani, na kila baada ya muda gani? Ale nini, asile nini? Aruhusiwe kutembea, kuinama, kubeba? Tarehe ya kliniki ni lini? Na dalili zipi zikitokea tusisubiri tarehe hiyo? Kwa aliyefanyiwa upasuaji, homa, kidonda kutoa usaha au kufumuka, damu isiyokoma, kuvimba mguu mmoja kwa maumivu, au kupumua kwa shida, ni mambo ya kurudi hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Kisha nyumba itazamwe. Kitanda kisiwe cha chini mno kwa mwenye nyonga au goti. Njia ya chooni iwe na taa na kitu cha kushika. Fundi seremala yeyote wa mtaani aweza kutengeneza kiti chenye tundu katikati, kikawekwa ndoo chini yake au kikasimamishwa juu ya choo cha shimo, kwa mbao chache na kazi ya siku moja. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, na ngozi yake itazamwe mgongoni, makalioni na visiginoni, mahali vidonda vya kulalia vinapoanzia. Apewe maji ya kutosha. Akiwa anakataa maji, aulizwe kwa upole sababu yake. Huenda anakuoneeni haya, kama mzee wetu alivyomwonea haya mkewe.

Na tusimsahau huyo anayeuguza. Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Uthman bin Affan (R.A.) alibaki Madina akimuuguza mkewe Ruqayya, binti wa Mtume (S.A.W.). Mtume akampa fungu lake la ngawira na akamwahidi ujira wa aliyehudhuria Badri. Zingatieni daraja hilo! Mwanamume aliyebaki nyumbani kumpa mkewe maji alihesabiwa pamoja na waliosimama na panga. Basi mwanamume wa leo anayesema kuuguza ni kazi ya wanawake ameitoa wapi hoja yake? Binti anayemwinua mama yake usiku kucha na kushinda dukani mchana naye ataanguka, kisha mtakuwa na wagonjwa wawili.

WAJIBU WA JAMAA

Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa mkononi katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria, Mtume (S.A.W.) alimpigia hema ndani ya msikiti ili awe karibu naye na aweze kumtazama. Wanahistoria wanasema hema hilo lilikuwa la Rufaida, bibi aliyekuwa akiwatibu majeruhi. Saad alifariki kwa jeraha lile, lakini hakufariki akiwa ameachwa. Msikiti wa Mtume, pamoja na kuwa mahali pa sala, ulikuwa pia mahali ambapo majeruhi alijulikana yuko wapi na nani anamhudumia. Huo ndio mwenendo tunaotaka kuuhuisha.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, yaanze mwezi huu.

La kwanza, daftari la wagonjwa. Katibu wa msikiti aandike nani amelazwa, nani ameruhusiwa, anaishi wapi, na anahitaji nini. Jina lisifutwe siku ya kuruhusiwa. Libaki hadi mgonjwa mwenyewe au familia yake iseme, sasa tumejitosheleza. Na siri za maradhi ya watu zilindwe. Daftari hili si la kusomwa kwenye kibaraza.

La pili, zamu za nyumba saba. Kila mgonjwa anayerudi apangiwe nyumba saba, kila nyumba na siku yake. Siku hiyo ni ya nyumba hiyo: chakula, maji, kufua, kwenda famasi, au kukaa saa mbili ili anayeuguza alale. Wanaume wawahudumie wanaume, na dada zetu wa jumuiya ya wanawake wapange zamu za akina mama. Mwenye gari ajitolee siku za kliniki. Ahadi ndogo inayotimizwa ni bora kuliko "ukihitaji chochote nipigie", kwani mwenye haya hatapiga.

La tatu, wageni wa mikoani. Mji wetu hupokea wagonjwa wa saratani wanaokuja Ocean Road, ambao tiba ya mionzi huweza kuwachukua wiki kadhaa, na hawalazwi siku zote hizo. Wako pia wanaoruhusiwa Muhimbili wakatakiwa kurudi kliniki baada ya siku chache, na nauli ya kwenda Kigoma na kurudi hawana. Hawa ni wasafiri na wagonjwa kwa pamoja. Mwenye chumba cha akiba amwandikishe jina lake kwa katibu.

La nne, mfuko. Sura At-Tawba, aya ya 60, imewataja wanaostahiki zaka, na miongoni mwao wamo mafukara, masikini na wenye kulemewa na madeni. Mgonjwa aliyetoka wodini na deni asiloweza kulilipa asitafutwe mbali na aya hiyo. Na zile fedha tunazozimwaga katika karamu za matanga na arobaini, ambazo hatuna dalili yake katika Sunna, tuanze kuzipeleka kwa mtu angali hai. Haiingii akilini kwamba jamaa inayoweza kupika pishi ishirini za mchele kwa ajili ya maiti ishindwe kununua magongo mawili kwa ajili ya mgonjwa.

Ndugu zetu wapenzi, imepokewa na Muslim kwamba Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu atamwuliza mwanadamu kwa nini hakumzuru alipougua, na mja atastaajabu, vipi Mola wa walimwengu ataugua? Ataambiwa kwamba fulani aliugua, na kama angemzuru angemkuta Mola wake kwake. Sisi tulimzuru mzee wetu kitandani penye taa na wauguzi, ambako hakutuhitaji sana. Hatukumzuru kwenye ngazi tatu za choo chake, ambako alituhitaji. Mjane wake yupo, anasali nyuma yetu, upande wa wanawake, Ijumaa hii. Tumemwomba radhi, naye ametusamehe. Ameomba jambo moja tu, kwamba jina la kwanza litakaloingia katika daftari hilo lisiachwe peke yake kama lilivyoachwa la mumewe.

Baada ya kutoka hapa, katibu atakaa mlangoni na daftari. Leo wako wagonjwa watatu wa mtaa huu walioruhusiwa ndani ya wiki mbili hizi. Zinahitajika nyumba ishirini na moja.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape nguvu wanaowauguza, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie tuwe wenye kusikia maneno na kuyafuata yaliyo mema. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.